Unga Uliolala Dirishani

Haya, sogeeni. Sogeeni tena. Vuteni na blanketi, maana hadithi hii ina baridi. Anayesoma naye avae soksi.

Kulikuwa na mtoto wa kike, jina lake Kidawa. Alikuwa na miaka sita. Meno ya mbele hakuwa nayo.

Kidawa alikaa Njombe, juu kilimani. Nyumba yao ilikuwa ndogo. Ukungu wao ulikuwa mkubwa.

Asubuhi, ukungu. Mchana, ukungu. Jioni, ukungu ulikwenda ukarudi na ndugu zake.

Zamani walikaa Tanga. Tanga kuna joto! Ukisahau ndala juani, unazikuta zimejikunja kama zinasali.

Lakini Mama alikuwa muuguzi, akahamishwa kikazi. Wakafunga mizigo wote watatu. Mama, Kidawa na Bibi.

Bibi wa Tanga alikuwa na kelele. Akicheka, kuku wa jirani wanapanda juu ya bati.

"Wewe mtoto!" Bibi wa Tanga alikuwa akisema. "Magoti kama vitumbua!"

"Na wewe Bibi," Kidawa alikuwa akijibu, "visigino kama viazi vya kuchoma!"

Kisha wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ndivyo walivyopendana. Bibi na mjukuu ni watani.

Lakini Bibi yule yule alipofika Njombe, akawa Bibi wa Njombe, hakutania. Alivaa kanga tatu. Juu ya kanga, koti la Mama. Juu ya koti, blanketi.

Alikaa kwenye kigoda jikoni, karibu na jiko la mkaa. Alitazama mkaa. Mkaa ulimtazama. Hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Ukungu dirishani.
Baridi miguuni.
Bibi kimya.

Kidawa alijaribu kumchekesha. Alivaa sufuria kichwani. Akapita mbele ya Bibi kama askari. Kwata, kwata, kwata.

Bibi wa Tanga angesema, "Afadhali! Leo umependeza!"

Bibi wa Njombe alisema, "Ivue, mama. Utaanguka."

Basi. Kidawa akaivua sufuria polepole. Ilikuwa imekuwa nzito.

Alhamisi jirani yao alibisha hodi. Jina lake Mama Kaduma. Alikuwa na mashavu mekundu na ng'ombe wawili.

"Kamwene!" akasema Mama Kaduma. Hiyo ni salamu ya Njombe.

Bibi akaitikia kwa kichwa tu.

"Nimewaletea siagi," akasema Mama Kaduma. "Ya ng'ombe wangu mwenyewe."

Lo! Siagi ilikuwa kubwa kama tofali. Na ngumu kama tofali. Kidawa aliibonyeza kwa kidole. Kidole ndicho kilichobonyea.

"Huyu bibi atazoea," Mama Kaduma akamnong'oneza Mama mlangoni.

Lakini jioni ile, Kidawa akiwa nyuma ya pazia, alimsikia Bibi akimwambia Mama.

"Mwanangu, siwezi. Mifupa inalia. Jumamosi napanda basi. Narudi Tanga."

Mama alikuwa anafuta sahani. Akaifuta. Akaifuta tena. Sahani ilikuwa kavu zamani.

"Sawa, mama," akasema Mama. Sauti ilitoka ndogo.

Kidawa alihesabu vidole nyuma ya pazia. Leo Alhamisi. Kesho Ijumaa. Keshokutwa ni basi.

Vidole viliisha upesi mno.

Ukungu dirishani.
Baridi miguuni.
Bibi kimya.

Ijumaa, Mama alikwenda kazini. Shule ilikuwa imefungwa. Kidawa alichuchumaa mbele ya Bibi.

"Bibi, kabla hujaondoka. Nifundishe pai zako za nyama."

Bibi alitazama mkaa muda mrefu.

Sasa, hizo pai zina habari yake. Tanga, Bibi alizipika kila sikukuu ya Idi. Aliamka kabla ya jogoo. Alinunua barafu, akaibeba kwenye gunia. Aliukunja unga na siagi mbio mbio, kabla jua halijatoka.

Na kila mwaka jua lilimshinda. Siagi iliyeyuka, ikakimbia kama mtoto aliyeambiwa aende kuoga.

Pai zikatoka bapa. Tamu, lakini bapa kama ndala. Watu walikula, wakasema, "Mashallah." Bibi alijua ni adabu tu.

"Marehemu mama yangu alisema," Bibi alikuwa akisimulia, "pai njema ina kurasa, kama kitabu. Zangu zina ukurasa mmoja, nao umelowa."

Hiyo ndiyo habari ya pai.

"Haya," Bibi akasema hatimaye. "Tupike. Iwe pai ya kuagana."

Kidawa hakulipenda neno hilo. Lakini alikwenda kuleta unga.

Unga. Chumvi. Maji ya baridi. Bibi akakanda. Pwata, pwata, pwata.

Akausukuma kwa mti wa chapati. Srrr, srrr. Akaweka siagi katikati. Akaifunika huku na huku, kama mtoto mchanga anayefungwa kwenye kanga.

"Sasa tazama," akasema.

Kunja.
Geuza.
Laza.
Shhh...

"Unalala kweli?" Kidawa akanong'ona.

"Unalala. Nusu saa. Kisha tunaukunja tena, unalala tena. Mara tatu. Usipolala vizuri, hauumuki."

Bibi akauacha juu ya meza. Akarudi kwenye kigoda chake. Joto la mkaa likamshika, naye akasinzia.

Kidawa akabaki na unga.

Unga ulikuwa umelala peke yake. Juu ya meza tupu. Hauna shuka. Hauna hata soksi.

Akaugusa. Brrr! Maskini! Baridi kama pua yake mwenyewe.

"Pole," akauambia. "Hata mimi sipendi."

Kidawa akavua sweta lake. Akauvalisha unga. Akaufunga na mikono ya sweta, fundo moja, mafundo mawili. Akaubeba, akaulaza karibu na jiko. Karibu kabisa, palipo na joto zuri.

Akauimbia kidogo. Moyo wake ukatulia. Angalau kuna mmoja humu ndani asiyeona baridi.

Nusu saa ikapita.

Chururu...

Bibi akafumbua jicho moja. "Nini hicho?"

Chururu, chururu...

Siagi ilikuwa imeyeyuka. Imetoka kwenye unga. Imepita kwenye sweta. Sasa ilikuwa inatembea sakafuni kuelekea mlangoni. Labda nayo ilikuwa inawahi basi.

Kidawa alifungua fundo. Ndani ya sweta kulikuwa na uji.

"Nani ameuweka hapa?" Bibi akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nimeuonea huruma." Kidawa alilikunja sweta, akalikunjua. "Ulikuwa na baridi. Kama wewe."

Bibi alimtazama Kidawa. Alitazama sweta. Alimtazama Kidawa tena.

Hakufoka. Kidawa alitamani afoke. Bibi wa Tanga angefoka mpaka mtaa wa tatu, kisha angecheka.

Bibi wa Njombe alisema tu, "Siagi imekimbia. Kama siku zote."

Akajifunika blanketi mpaka kidevuni.

Ukungu dirishani.
Baridi miguuni.
Bibi kimya.

Kidawa alipiga deki. Alilia kidogo. Alifuta machozi kwa mkono wa sweta. Kosa! Sasa alikuwa na siagi kwenye nyusi.

Kisha akaiona. Juu ya rafu. Nusu ya tofali la siagi ilikuwa imebaki.

"Bibi. Siagi ipo. Tujaribu tena, mara moja tu."

"Hatuna barafu, Kidawa."

"Tutafute!"

"Muuza barafu gani atapanda mlima huu? Atamuuzia nani?"

Kidawa akawaza. Aliwaza mpaka masikio yakamwasha. Kisha akaenda dirishani, akasukuma. Dirisha lilikuwa halijafunguliwa tangu wafike.

Ngiii... kwaa!

Hwiiii! Baridi ikaingia yote kwa mkupuo, kama wageni wa harusi. Kanga zikapepea. Mkaa ukakohoa.

"Funga!" Bibi akapiga kelele. "Unataka niondoke leo leo?"

Lakini Kidawa alikuwa ameweka kiganja kwenye saruji ya dirisha. Akakitoa haraka.

"Bibi! Njoo uguse! Hapa ni barafu tupu!"

"Siji."

"Gusa kwa kidole kimoja tu. Kile usichokipenda."

Bibi akanyanyuka. Blanketi likamfuata nyuma kama mkia. Akanyoosha kidole kimoja. Kisha vidole vitano. Kisha kiganja kizima.

"Mh," akasema Bibi.

Hiyo "mh" Kidawa aliijua. Hakuwa ameisikia tangu Tanga.

"Lete unga," akasema Bibi.

Pwata, pwata, pwata. Srrr, srrr, srrr. Siagi katikati, huku na huku.

Kunja.
Geuza.
Laza.
Shhh...

Mara hii waliulaza dirishani. Sahani chini, sahani juu. Bila shuka. Bila soksi. Bila sweta!

"Hautalia?" Kidawa akauliza.

"Huu si wewe, wala si mimi," akasema Bibi. "Huu unaipenda baridi. Ndiyo maana Tanga ulikuwa unanikimbia."

Lakini kulikuwa na paka. Paka wa Mama Kaduma, mnene, mwenye macho ya kukopa bila kurudisha. Alikuwa amekaa juu ya ukuta. Anaangalia sahani.

"Shh! Toka!" Bibi akasimama dirishani kuulinda unga.

Akasimama nusu saa nzima. Na mtu akisimama dirishani nusu saa, atatazama nje. Atafanya nini tena?

Ukungu ukajivuta kidogo. Bibi akaona miti ya misonobari. Akaona matuta ya viazi, mistari mistari, yanashuka mpaka bondeni. Akaona ng'ombe wawili wa Mama Kaduma, wanatoa moshi puani.

"Hee," akasema polepole. "Kumbe huku nje kuna kitu."

Mama Kaduma akapita na ndoo. "Kamwene! Bibi, unaanika nini kwenye ukungu?"

"Sianiki!" Bibi akajibu. "Nimelaza unga!"

Mama Kaduma akafikiri. Akatikisa kichwa. Akaenda zake.

Wakaurudia unga mara ya pili. Kunja. Geuza. Laza. Shhh...

Wakaurudia mara ya tatu. Kunja. Geuza. Laza. Shhh...

Wakati unga umelala, Bibi akakaanga nyama ya kusaga. Chwaaa! Kitunguu. Tangawizi. Pilipili manga. Kiazi cha Njombe, kimekatwa vidogo vidogo.

Wakaukata unga vipande vya pembe nne. Nyama katikati. Wakakunja pembe tatu. Kidawa akabana kingo kwa uma. Dip, dip, dip. Akapaka yai juu. Akajipaka na puani, ila hiyo hakukusudia.

Oveni hawakuwa nayo. Bibi hakuijali. Alipanga pai kwenye sufuria kubwa, akaiweka jikoni, akaifunika. Kisha akachukua koleo. Akapalia mkaa wa moto juu ya mfuniko.

Moto chini.
Moto juu.
Pai katikati.

"Sasa?" akauliza Kidawa.

"Sasa tunangoja."

Kungoja ni kazi ngumu. Ukungu ulirudi. Giza likaanza kuingia. Basi la Jumamosi lilikuwa limebakiza kulala mara moja tu.

Moto chini. Moto juu.

Bibi alikuwa kimya tena. Kidawa alimtazama kwa jicho la pembeni. Pai zikitoka bapa, atakwenda. Kidawa alilijua hilo bila kuambiwa.

Mama akarudi kutoka kazini. Viatu vilikuwa vimelowa. Uso ulikuwa umechoka.

"Harufu gani hii?" akauliza.

Bibi alikuwa ameshika mfuniko kwa koleo. Kidawa alikuwa amefumba macho.

Kwaa!

Kidawa akafungua jicho moja.

Pai hazikuwa bapa.

Zilikuwa zimevimba! Zimenyanyuka kama mito ya wageni. Rangi ya dhahabu. Na ubavuni zilikuwa na kurasa. Ukurasa juu ya ukurasa juu ya ukurasa.

"Moja," Kidawa akahesabu. "Mbili, tatu, nne... tisa... Bibi, nimepotea!"

Bibi alichukua moja. Akaipuliza. Fuu, fuu. Akauma.

Kachu!

Vipande vikaruka. Vikaingia kwenye koti, kwenye blanketi, kwenye kanga zote tatu.

Bibi akatafuna. Akatafuna tena. Machozi yakamtoka, moja, mawili.

"Mama?" Mama akaita kwa hofu. "Mama, umeungua?"

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika. Kidawa akakimbilia kumshika. Analia! Bibi analia!

Hapana.

"Ha!" akasema Bibi. "Ha! Ha ha haaa!"

Huko nje, kuku wa Mama Kaduma wakapanda juu ya bati.

"Miaka arobaini!" Bibi akapiga paja. "Miaka arobaini nabeba barafu kwenye gunia! Mgongo unalowa, majirani wananicheka! Kumbe barafu yote imejazana dirishani kwa binti yangu, bure!"

Wakala. Kachu, kachu, kachu. Mama akala tatu. Viatu vyake vilikuwa bado vimelowa, akawa amesahau.

Kidawa hakumaliza yake. Alikuwa na swali.

"Bibi. Na basi la kesho?"

Mama akaacha kutafuna.

Bibi akafuta mdomo. Akatazama dirisha.

"Tanga naikumbuka," akasema. "Baridi hii siipendi, na sitaipenda kesho. Nitalalamika kila siku. Mjiandae."

"Ndiyo, Bibi."

"Lakini Idi inakuja. Nataka pai za kurasa. Nataka dada yangu apande huku juu azione kwa macho yake, maana nikimweleza kwa simu atasema nimezeeka."

"Ndiyo, Bibi!"

"Na nikiondoka, nani atalinda unga dirishani? Wewe? Wewe unayevalisha unga sweta?"

Bibi akainama. Akamtazama Kidawa kuanzia kichwani mpaka chini. Akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya Tanga:

"Magoti kama vitumbua!"

Kidawa alivuta pumzi ndefu. Alikuwa ameingoja siku nyingi.

"Na wewe Bibi, visigino kama viazi vya kuchoma!"

"Vya Njombe!" akasema Bibi. "Vikubwa!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama alicheka akimfuta Kidawa siagi kwenye nyusi.

Asubuhi walimpelekea Mama Kaduma pai mbili. Bibi mwenyewe alizibeba. Alipofika mlangoni, alisema kwanza yeye, tena kwa sauti kubwa:

"Kamwene!"

Paka naye alipata kingo.

Lakini hiyo ilikuwa asubuhi. Usiku wenyewe, kabla ya kulala, Bibi alimpandisha Kidawa kitandani. Akavuta blanketi upande huu. Akavuta upande ule.

Kunja.
Geuza.
Laza.
Shhh...

"Bibi," Kidawa akanong'ona. "Mimi nilazwe na sweta, lile lisilo na siagi."

"Wewe ndiyo. Wewe si unga."

Bibi akajilaza kando yake, na kanga zake tatu, na koti, na soksi. Nje, hwiii. Ndani, joto kidogo. Linatosha.

Ukungu dirishani.
Baridi miguuni.
Na Bibi?

Krrrroo... fyuuu. Krrrroo... fyuuu.

Bibi anakoroma.

Nasi tuulaze unga wetu hapa. Sahani chini, sahani juu.

Shhh.